Kulinganisha Gemu Moja ya Zamani kwenye Sega na Nintendo: Mwongozo Kamili

Watu wananiletea video mbili kwenye simu na hukumu wameshaitoa: Street Fighter ya Sega ni nzito, ya Nintendo ni laini, basi. Nikiuliza kila moja imechezwa kwenye TV gani, kaseti imetoka nchi gani na pedi ilikuwa ipi, wananyamaza. Mara nyingi walichopima ni waya, au TV, au mfumo wa picha wa nchi ambako kaseti iliuzwa. Gemu yenyewe hawajaigusa.

Nimetumia Mega Drive ya Sega na Super Nintendo kwa sababu ubishi wake hauishi, na kwa sababu mitumba yake bado inajitokeza Kampala kwa anayeitafuta. Ukiwa na PlayStation na Nintendo 64, njia ni hiyohiyo. Kanuni ni moja tu: ruhusu toleo la gemu litofautiane, mengine yote yafanane.

## Vitu vya kuwa navyo

Chagua njia moja kati ya mbili, na usizichanganye. Mashine halisi upande mmoja na emuleta (programu ya kompyuta inayoiga mashine ya gemu) upande wa pili si ulinganisho.

Kwa njia ya mashine halisi:

- Mega Drive na Super Nintendo, na kaseti ya gemu ileile kwa kila moja
- TV moja, ikiwezekana ya chogo
- Waya mbili za AV za ubora mmoja
- Adapta sahihi ya kila mashine, na stabilaiza
- Pedi ya Sega yenye vitufe sita
- Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde
- Hedifoni, daftari na kalamu

Kwa njia ya emuleta: kompyuta ya kawaida, programu ya RetroArch yenye Genesis Plus GX kwa upande wa Sega na Snes9x kwa upande wa Nintendo, na pedi moja ya USB utakayoitumia kwa zote mbili.

Emuleta yenyewe haina tatizo. Nakala za gemu ni suala jingine, kwani Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 na gemu za zamani bado zina wenyewe. Zipo njia safi. Mkusanyiko wa Disney Classic Games wa mwaka 2021, kwa mfano, una Aladdin ya Mega Drive na ya Super Nintendo pamoja.

Zile fimbo za HDMI zinazojinadi kuwa na maelfu ya gemu, ziache kando. Ndani yake kuna emuleta ambayo hujui imepangwaje, picha imevutwa ijaze skrini pana, na pedi zake zisizo na waya huchelewa. Zinafaa kuwatuliza watoto Jumapili mchana.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni gemu moja kweli

Jina kufanana hakutoshi. Aladdin ya mwaka 1993 ni mfano mzuri. Ya Sega ilitengenezwa na Virgin, ya Nintendo ikatengenezwa na Capcom. Kwenye Sega, Aladdin ana upanga. Kwenye Nintendo hana, anaruka juu ya vichwa vya maadui. Hizo ni gemu mbili zilizotokana na filamu moja. Unaweza kusema ipi umeipenda, lakini huwezi kusema ipi imehamishwa vizuri kutoka mashine nyingine, maana hakuna iliyohamishwa. Jurassic Park za mashine hizi mbili ni hivyohivyo.

Kwa anayeanza napendekeza Mortal Kombat, Street Fighter II, Earthworm Jim au International Superstar Soccer Deluxe. Ukicheza dakika tano za kwanza kwenye kila mashine na ukakuta hatua zilezile, maadui walewale na mpangilio uleule, endelea.

## Hatua ya 2: Jua mashine na kaseti zimetoka wapi

Hapa ndipo hukumu nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

TV za Uganda, kama za Uingereza, zilifuata mfumo wa PAL, yaani picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani zilitumia NTSC, picha 60 kwa sekunde. Gemu za wakati ule zilipima mwendo kwa picha: picha moja ikipita, mhusika anasogea kiasi fulani. Ukipunguza picha kutoka 60 hadi 50 bila kurekebisha chochote, mhusika anakuwa mzito kwa karibu asilimia 17. Watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha. Isitoshe, PAL ina mistari mingi ya picha kuliko ile ambayo gemu ilichorewa, kwa hiyo unabaki na mikanda myeusi juu na chini, na wapiganaji wanaoonekana kama wamekaliwa kichwani.

Sasa fikiria mtu ana Mega Drive ya mtumba iliyotoka Uingereza na Super Nintendo aliyoletewa na shemeji yake kutoka Marekani. Atasema Sega ni nzito, na macho yake yatakuwa sawa. Sababu tu ndiyo atakayokosea.

Ukimuuliza muuzaji mjini kama mashine ni PAL au NTSC, atakujibu, "Ssebo, hii inacheza zote." Usibishane naye. Igeuze usome kibandiko cha chini. Dalili za nje pia zinasaidia: Super Nintendo ya Marekani ina umbo la pembepembe na swichi za zambarau, ilhali ya Ulaya na ya Japani ni ya mviringo zaidi na vitufe vya pedi yake vina rangi nne. Mega Drive ya Marekani imeandikwa Genesis.

Kisha pima. Chukua gemu ya kupigana yenye saa ya raundi, weka wachezaji wawili wasimame bila kugusana, halafu tumia saa ya simu kupima muda wa kushuka kutoka 90 hadi 40. Rudia kwenye mashine ya pili. Ikiwa moja inachukua mara 1.2 ya muda wa nyingine, mathalani sekunde 60 dhidi ya 72, hiyo ni PAL na NTSC zinazungumza. Tofauti isiyofanana na hiyo huenda ni ya gemu yenyewe, iandike.

Usipime kwa muziki. Baadhi ya gemu za PAL zilirekebishiwa kasi ya muziki huku mwendo ukiachwa ulivyo, na sikio litakuhakikishia kwamba mambo ni shwari.

Zote mbili zikiwa NTSC, vizuri sana. Zote zikiwa PAL, unaweza kuendelea, lakini hukumu yako iseme wazi kwamba ni ya matoleo ya PAL. Moja hivi na nyingine vile, simama hapo utafute kaseti au mashine nyingine. Kwenye emuleta ni rahisi: tumia matoleo ya eneo moja, na uangalie kwamba eneo la mashine kwenye mipangilio halijalazimishwa kuwa jingine.

Kuhusu TV: mashine ya NTSC ikitoa picha nyeusi na nyeupe, haijafa. TV yako haijui rangi za NTSC. Picha ikizunguka kutoka chini kwenda juu bila kutulia, TV haiwezi picha 60. Tafuta TV ambayo kibandiko chake cha nyuma kinataja PAL na NTSC pamoja. Zipo nyingi kwenye mitumba.

## Hatua ya 3: Umeme kabla ya gemu

Soketi zetu ni volti 240. Adapta ya Marekani imetengenezwa kwa 120, ya Japani kwa 100. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia harufu kabla hujaona picha.

Upande wa pili wa adapta nao una mitego. Mega Drive ya kwanza, ile kubwa, inataka hasi katikati ya plagi. Mega Drive ya pili, ile ndogo, inataka chanya katikati. Super Nintendo ya Ulaya inatumia adapta inayotoa AC, wakati ya Marekani inatumia DC. Plagi kuingia hakumaanishi kwamba adapta inafaa. Soma maandishi ya mashine, soma ya adapta, na yakipishana usijaribu.

Taa zikiwa zinafifia na kurudi mtaani kwenu, pitisha kila kitu kwenye stabilaiza.

## Hatua ya 4: Unganisha kwa njia moja

TV moja, tundu moja la AV, mipangilio ileile ya mwanga na rangi. Ukimaliza na mashine ya kwanza, chomoa, chomeka ya pili palepale. Usiweke moja kwenye waya wa antena na nyingine kwenye AV: antena inafifisha rangi na kuongeza chenga, na mashine iliyo juu yake itaonekana mbaya hata kama gemu yake ni nzuri.

Mega Drive kubwa ina kituko chake. Nyuma inatoa sauti ya mono tu. Stirio inatoka kwenye tundu la hedifoni lililo mbele. Usipojua hilo utaandika kwamba Sega ilikosa stirio.

TV bapa ikibidi, zima urembo wote wa picha na uwashe hali ya gemu. Kisha weka umbo la 4:3. Hili si pambo. Super Nintendo kwa kawaida inachora pikseli 256 kwa upana, Mega Drive mara nyingi 320, na zote mbili zilikusudiwa kujaza TV ileile ya 4:3. Pikseli za Nintendo kwa hiyo ni nene, za Sega ni nyembamba. Ukizionyesha pikseli zote kama miraba sawa, wapiganaji wa Nintendo watakonda na wa Sega watanenepa, kisha utalaumu wachoraji wasio na hatia.

Kwenye RetroArch zima vichujio vyote vya picha. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kila upande na uhakikishe kwamba chaguo za kupunguza uzito, kupunguza kumetameta na kuondoa kikomo cha vitu kwenye mstari zimezimwa. Chaguo hizo zinaponya udhaifu wa mashine ya kweli, na udhaifu huo ndio uliokuja kuupima.

Umefaulu pale ambapo duara lililochorwa kwenye gemu, kama mpira au mwezi, linaonekana duara kwenye mashine zote mbili.

## Hatua ya 5: Chagua vituo vitatu vya kupimia

Usicheze tu ukitegemea kukumbuka. Chagua sehemu tatu: moja tulivu yenye mandhari mengi, moja yenye fujo ya maadui, na moja yenye sauti nyingi. Ugumu uwe uleule na mhusika awe yuleyule. Kwenye emuleta hifadhi hali ya gemu katika kila kituo ili urudi hapo wakati wowote. Kwenye mashine halisi chagua vituo vya mwanzo mwanzo, la sivyo umeme utakatika ukiwa njiani.

## Hatua ya 6: Soma picha

Anza na rangi. Mega Drive inachagua kutoka rangi 512, na kwa kawaida inaonyesha hadi 64 kwa pamoja. Super Nintendo ina 32,768 za kuchagua, na inaonyesha hadi 256. Utaiona tofauti hiyo kwenye ngozi na anga. Tazama bega la mpiganaji: upande wa Nintendo mwanga unateleza kidogo kidogo kuelekea kivuli, upande wa Sega unashuka kwa ngazi.

Kisha sogea karibu na skrini, hadi pua iwe karibu na kioo. Kwenye gemu nyingi za Sega utakuta mistari ya wima au vidoto vya rangi mbili vinavyopishana, hasa kwenye maji, moshi na vivuli. Wachoraji walifanya makusudi. Waya wa AV kwenye TV ya chogo unaiyeyusha mistari ile, na jicho linaona rangi ya tatu, au maji yanayopenyeza mwanga. Yaone maporomoko ya maji ya Sonic kwa waya huo, kisha kwenye skrini kali ya kompyuta: kwanza ni maji, halafu ni wavu wa kuku.

Kwa hiyo skrini kali inaionea Sega kwenye vivuli, na AV inaionea kwenye ukali wa jumla, maana AV ya Mega Drive nyingi ni chafu kuliko ya Super Nintendo. Mimi napima kwa zote mbili, na kwenye daftari naandika ipi ilikuwa ipi. Super Nintendo inaweza kuchanganya rangi za tabaka mbili yenyewe, ndiyo maana moshi wake unapenyeza bila hila.

Mwisho angalia ukubwa. Upana wa pikseli 320 mara nyingi unakupa uwanja mkubwa zaidi mbele ya mhusika, na kwenye gemu ya kukimbia hilo lina uzito kuliko rangi.

Ukirekodi, jihadhari na vifaa vya bei rahisi vya kunasa video kwa USB. Vingi vinatupa nusu ya picha na kubaki na 30 kwa sekunde, na kitu kinachometameta picha baada ya picha kinaweza kupotea kabisa au kuonekana kimetulia. Rekodi kwa 60.

## Hatua ya 7: Pima mwendo na pedi

Prosesa ya Mega Drive inakwenda karibu megahezi 7.7, ya Super Nintendo haizidi 3.58. Usikimbilie namba hizo kutoa hukumu, kwa sababu ni prosesa za aina mbili tofauti na programu nzuri inaficha mengi. Nenda kwenye kituo chako cha fujo uangalie: maadui wakijaa, je, mchezo mzima unapunguza mwendo? Je, kuna vitu vinavyopotea na kurudi?

Kuchelewa kwa pedi kunapimwa na simu. Iweke ili kidole na skrini vionekane pamoja, rekodi kwa fremu 240, bonyeza kitufe cha kuruka mara kumi. Kisha pitia video fremu kwa fremu, ukihesabu kutoka kitufe kinapozama hadi mhusika anapoanza kusogea. Kila fremu ya simu ni kama milisekunde 4. Tafuta wastani. Kinachokuhusu ni tofauti kati ya matoleo mawili, kwa sababu TV ileile inaongeza ucheleweshaji uleule kwa zote. Tofauti isiyofika fremu 4 za simu ni chini ya picha moja ya gemu, usiijengee hoja.

Pedi nayo ihukumiwe kwa haki. Street Fighter II inahitaji vitufe sita. Kwenye pedi ya Sega ya vitufe vitatu unabonyeza Start kubadili kati ya ngumi na mateke, na hakuna anayeshinda hivyo. Tumia ya vitufe sita, kisha andika kwamba iliuzwa kando.

## Hatua ya 8: Sikiliza ukiwa umefumba macho

Vaa hedifoni, weka sauti katika kiwango kimoja, na usiangalie skrini.

Super Nintendo inacheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa, njia nane, na vyote vinabanwa kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 64. Ndiyo maana ngoma na fidla zake zinafanana na za kweli lakini zimefunikwa na blanketi. Mega Drive inaunda sauti yenyewe kwa chipu ya Yamaha YM2612: besi kali, chuma kinacholia, na sauti za watu zinazokwaruza. Wapiganaji wa Street Fighter kwenye Sega wanapiga kelele kama wana mafua.

Onyo: mashine za kuiga Mega Drive, zisizo za Sega, mara nyingi zinaharibu sauti vibaya. Ukisikia muziki umepanda kama filimbi au ala zimekosekana, kaseti haina kosa.

## Hatua ya 9: Orodhesha kilichokatwa

Maliza gemu pande zote mbili, au angalau upate orodha ya hatua zake. Sunset Riders ya Super Nintendo ina wahusika wanne, ya Mega Drive ina wawili. Earthworm Jim ya Mega Drive ina hatua nzima ambayo Super Nintendo haina. Mortal Kombat ya mwaka 1993 ndiyo maarufu zaidi: Nintendo waliondoa damu wakaweka jasho la kijivu, wakati Sega waliificha nyuma ya msimbo A, B, A, C, A, B, B. Usipoingiza msimbo huo utaandika kwamba matoleo yote hayana damu, na utakuwa umelinganisha nusu ya gemu.

## Hatua ya 10: Andika hukumu inayoweza kupingwa

Hukumu ianze na masharti, ifuate kipengele kwa kipengele, na imalizie na chaguo lako. Kwa Earthworm Jim yangu inasomeka hivi:

"Zote NTSC, TV moja ya chogo, waya wa AV, ugumu wa kawaida. Picha: Nintendo kwa rangi, Sega kwa upana. Sauti: Nintendo kwa ala, Sega kwa besi. Maudhui: Sega, kwa hatua ya ziada. Ningenunua ya Sega."

Usitoe alama kwa kumi na kuzijumlisha. Rangi na hatua iliyokatwa havipimwi kwa mizani moja, na jumla itamficha msomaji kile anachokitafuta: anayependa muziki na anayependa kasi hawatachagua kaseti moja.

Mwenzako akija na matokeo tofauti, mpe mstari wako wa masharti kwanza, muulize wake. Yakilingana, rudieni pamoja kituo kimoja baada ya kingine. Yasipolingana, anzeni na kibandiko cha chini ya mashine yake.